Mlima Kenya: usiende kwa ajili ya kilele peke yake

Mara ya kwanza nilipopanda Mlima Kenya sikuuona. Nasema hivi kwa uchungu, maana nilifika Point Lenana, kile kilele kinachofikiwa kwa miguu, mita 4,985, nikapigwa picha kando ya kibao. Lakini niliporudi Mombasa na mamangu akaniuliza, "Haya, umeona nini huko?", sikuwa na jibu. Nilikuwa na ile picha moja, na kichwa kilikuwa kingali kinaniuma. Tulipanda kwa njia ya Naro Moru, siku tatu kwenda na kurudi, kwa sababu waliotupeleka walituambia zinatosha. Hazitoshi. Mwenzetu mmoja alianza kutapika usiku tukiwa Mackinder's Camp, ikabidi ateremshwe gizani. Mimi nilifika juu nikitazama visigino vya aliyenitangulia, na kushuka nilishuka vivyo hivyo.

Nimerudi mara mbili tangu hapo, kwa siku tano kila safari, na ndipo nilipojua nilichokuwa nimekipita. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa kusoma mmoja tu basi ni huu: tenga siku tano, panda kwa Sirimon, shuka kwa Chogoria. Kilele utakifikia kwa njia yoyote. Lakini barafu ilichonga mlima huu kwa maelfu ya miaka, na kazi yake nzuri zaidi iko kwenye mabonde ya njia hizo mbili.

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Wataalamu wanakadiria kwamba zamani ulipita mita 6,000. Ule mdomo wa volkano haupo tena. Vilele viwili vya juu kabisa, Batian yenye mita 5,199 na Nelion yenye 5,188, ni jiwe gumu lililogandia kooni mwa volkano, likabaki limesimama baada ya kuta zote kulika. Kilichozila kuta hizo kwa sehemu kubwa ni barafuto, yaani ile barafu nene iliyolundikana hadi ikaanza kuteremka kwa uzito wake, polepole mno, ikikwangua miamba na kubeba mawe. Ilishuka hadi karibu mita 3,300. Ukilijua hilo kabla ya kupanda, kila bonde utakaloliona litakuwa na la kukuambia.

Sirimon unaingilia kutokea Nanyuki. Lango liko mita 2,650, na hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni mwendo wa kilomita tisa hivi kwenye barabara ndani ya msitu. Watu huiona siku hii kuwa ya bure, wakaikimbia. Tafadhali usikimbie. Mwili unaanza kuizoea hewa nyepesi hapo hapo. Ukifika mapema, weka mzigo, upande kidogo juu ya kambi, kisha urudi ulale chini. Usingizi wako wa usiku ule utakuwa tofauti kabisa.

Siku ya pili ni ndefu, saa saba kwangu. Unavuka mto Ontulili, kisha Liki Kaskazini, halafu unapanda mgongo mmoja unaokutoa pumzi. Ukiufikia ukingoni, simama. Chini yako ni Bonde la Mackinder, na mwisho wake kabisa ndipo vilele viliposimama. Litazame umbo lake. Bonde lililochimbwa na mto huwa na mteremko unaokutana chini kama bawa na bawa. Hili limepanuka, sakafu yake pana na kuta zake zimesimama wima, kama mtumbwi uliochongwa kwa tezo. Mto mdogo unaoliteremka leo hauwezi kufanya kazi hiyo. Barafuto ndiyo iliyopita hapa.

Kiongozi wetu, mzee aliyepanda mlima huu tangu ujanani, alinikuta nimesimama pale akaniambia, "Dada, hapa ndipo wageni wengi huniuliza kambi iko mbali kiasi gani. Wewe kaa tu, chai itasubiri."

Kisha kuna mimea ya bonde hili, na hapa ninaomba uniruhusu nikawie. Seneseo wakubwa wanasimama kama umati wa watu waliovaa makoti. Majani yao makavu hayaanguki. Hubaki yamekizunguka kigogo na kukikinga na baridi, na jioni majani mabichi ya juu hujikunja yakafunika kichipukizi. Lobelia ya aina moja, ile iliyokaa chini kama bakuli, huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji yale hugandia juu tu, na chini ya kile kifuniko cha barafu chipukizi haligandi. Amka saa kumi na mbili asubuhi uiname utazame, sakitu ikiwa bado imeufanya uwanda wote mweupe. Gusa barafu ile kwa kidole bila kuivunja. Kufikia saa tatu jua limeshaiyeyusha yote na chozi, ndege wa rangi ya kijani inayometa, wameanza kudonoa maua ya ile lobelia nyingine ndefu yenye manyoya. Nimezaliwa pwani, na kabla ya hapo sikuwahi kufikiria kwamba mmea unaweza kuvaa.

Kambi ya Shipton's iko mita 4,200. Kuna kibanda, na pelele, wale wanyama wadogo wa majabalini, walionona, wanaokuja hadi miguuni mwako. Usiwalishe, hata wakikutazama vipi.

Hapa wengi hulala usiku mmoja, wakaondoka saa tisa za usiku kwenda kileleni. Mimi nakushauri ulale hapa siku mbili. Siku ya katikati panda hadi Hausburg Col, pito la juu kati ya miamba, utazame upande wa pili viziwa viwili, Oblong na Hausburg Tarn, vilivyotulia kwenye mashimo yaliyochimbwa na barafu, kisha rudi. Viziwa vya namna hii viko vingi kuuzunguka mlima, na kila kimoja ni alama ya mahali barafuto ilipokaa na kuzama kabla ya kuondoka. Kutazama hivi viwili kutakufaa pia kwa sababu utakuwa umepanda juu na kulala chini, na hiyo ndiyo kinga bora ya ugonjwa wa milimani. Kichwa kikikuuma kidogo, kunywa maji na upumzike. Kikizidi, ukaanza kutapika, kuyumba au kuchanganyikiwa, dawa ni kushuka, usiku huo huo ikibidi. Usimsikilize mtu anayekwambia jikaze.

Saa ya kilele yenyewe sitaieleza sana. Ni giza, baridi, kokoto zinazokurudisha nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili, kiziwa cha Harris Tarn kando yako, na vyuma vilivyofungwa mwambani mwishoni ili ushike. Halafu jua. Anga likiwa safi, Kilimanjaro huonekana kusini. Bendera ya Kenya ilipandishwa mlimani humu na Kisoi Munyao, Desemba 1963, tulipopata uhuru. Jina Lenana ni la laibon, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai, na Batian limetokana na babake, Mbatiany.

Ila usifanye haraka kuondoka. Geukia kusini-magharibi utazame chini. Ile barafu ya kijivu iliyolala mteremkoni ndiyo barafuto ya Lewis, ambayo imepimwa tangu mwaka 1934. Ilikuwa kubwa kuliko zote mlimani. Sasa imekatika vipande.

Halford Mackinder alipofika Batian mwaka 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, barafuto zilikuwa 18. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki 11, na zimeendelea kupungua. UNESCO, iliyouingiza mlima huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, ilisema mwaka 2022 kwamba barafuto zake zitakwisha kabla ya mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa leo Nyeri huenda asizione akiwa mtu mzima.

Ukiteremka hadi kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, utakuwa pembeni mwa Lewis. Tulipofika hapo mzee alinipeleka kwenye mwamba mmoja, umelainika na una mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja. Akaweka kiganja juu yake. "Nilipoanza kazi hii," akasema, "barafu ilikuwa hapa." Kutoka pale hadi barafu ilipo sasa ni mwendo wa kutembea, juu ya vifusi na matope. Mimi naiona hiyo kuwa alama kuu ya mlima mzima kuliko kibao cha kileleni, na haina kibao. Mwombe kiongozi wako akuonyeshe mwamba wake, maana kila aliyefanya kazi huku muda mrefu ana wake.

Na hili linanigusa kwa sababu ya jina pia. Mwaka 1849 Krapf, yule mmisionari wa Rabai aliyeandika kamusi ya Kiswahili, aliuona mlima huu akiwa Ukambani, kwa mkuu Kivoi. Wakamba waliuita Kiinyaa, mahali pa mbuni, kwa kuwa weusi wa mwamba na weupe wa barafu ulifanana na manyoya ya mbuni dume. Kirinyaga ya Wakikuyu ina sauti hiyo hiyo ndani yake. Ulaya walikataa kusadiki kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Wajukuu wetu watakuwa na shida hiyo hiyo ya kusadiki, ila wao watakuwa na jina la nchi nzima mdomoni.

Baada ya hapo shuka upande wa mashariki, Chogoria. Magoti yako yatalalamika, kwa hiyo chukua fimbo mbili za kutembelea. Baada ya saa chache utafika karibu na viziwa vya Hall Tarns, ambako watu hupiga kambi, na hatua chache kutoka hapo kuna genge liitwalo Temple. Sogea polepole, lala kifudifudi ikiwa upepo ni mkali, uchungulie. Ardhi inakatika. Takriban mita 300 chini yako ni Ziwa Michaelson, duara la maji meusi kwenye sakafu ya Bonde la Gorges, na kuta za mwamba zimelizunguka pande tatu. Nimekaa pale saa nzima mara zote mbili. Mawingu hupanda kutoka Meru yakalifunika ziwa, yakalifunua, na sauti ya maporomoko ya Vivienne huja na kupotea kwa kadiri ya upepo. Ukiwa na siku ya ziada na miguu ina nguvu, kuna njia ya kuteremka hadi ziwani ukalala ufukweni mwake. Ningekuwa na siku sita ningefanya hivyo kila safari.

Machache ya maandalizi. Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi zaidi, kisha Julai hadi Septemba. Masika na vuli waachie wanaoujua mlima. Hairuhusiwi kupanda pekee yako, na mimi naunga mkono. Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao, si kwa fedha taslimu langoni, basi lipa ungali mjini penye mtandao mzuri. Jaketi zangu zote mbili na suruali ya kuzuia upepo nilizipata kwa mitumba Gikomba, na zimenifaa kuliko vile vya dukani. Buti lakini usiziokote ovyo. Nunua zinazokutosha, uzivae mwezi mzima kabla ya safari. Begi la kulalia liwe la baridi kali, maana usiku halijoto hushuka chini ya sifuri. Na wapagazi: uliza, kabla ya kulipa, wanabeba kilo ngapi, wanalala wapi na wanalipwa nini. Ukijibiwa kwa kusitasita, tafuta kundi lingine. Mimi mara ya kwanza sikuuliza, nikamwona kijana akipanda kwa viatu vya raba kwenye jalidi, na mzigo wangu mgongoni mwake.

Siku ya tano unavuka uwanda wa majani marefu, vilima vyenye vichwa bapa kama meza viko upande wako, hadi unaingia kwenye miti ya hagenia iliyojaa ndevu za kuvumwani. Kabla ya gari, omba upelekwe maporomoko ya Nithi. Si mbali na njia. Watu huyaruka kwa sababu wanawaza maji ya moto na nyama choma ya Chuka.

Nilivua buti nikatia miguu nikaitoa mara moja, maji yalikuwa kama sindano. Mengi yake ni mvua iliyonyonywa na uwanda ule na msitu, si barafu, na ndiyo maana msitu wa huku una thamani hata kwa asiyejali vilele. Nithi huishia katika Tana, na Tana humwaga maji yake baharini Kipini, kwetu pwani, ambako nikiwa mtoto nilikwenda na marehemu babangu kumtembelea shangazi na kuona maji ya mto yalivyoitia bahari rangi ya udongo. Nilimuuliza maji yale yanatoka wapi. Akasema, "Bara, juu kabisa." Dereva alipiga honi mara mbili kabla sijavaa buti.