Kikohozi Kilichodhaniwa Kifua Kikuu

Ndugu yangu mdogo ni baharia. Alirejea Mombasa kutoka Asia Mashariki akiwa na kikohozi ambacho kilidumu miezi minne, na makohozi yake yalikuwa ya rangi ya kutu, siku nyingine yana damu. Nyumbani kwetu Kisauni hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni kifua kikuu. Zahanati tuliyoanzia ilitazama picha ya kifua tu ikampa dawa za ugonjwa huo, akazimeza kwa uaminifu, na kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Daktari wa pili ndiye aliyemwuliza kwa upole swali ambalo sisi sote hatukuliwaza: huko ulikokuwa ulikula nini? Akakumbuka kaa wa mtoni aliowala Korea, waliolowekwa katika mchuzi wa soya bila kupita motoni. Maabara ilipoyapima tena makohozi, safari hii ikitafuta mayai ya minyoo, iliyaona.

Mnyoo huyu, Paragonimus, ana ukubwa wa punje ya buni, na hupatikana pia Afrika Magharibi na ya Kati, zikiwemo Nigeria na Kamerun. Mayai yake yakifika mtoni huangua viluwiluwi vinavyoingia ndani ya konokono, kisha ndani ya kaa au kamba wa maji baridi. Mtu akimla kaa huyo mbichi, mnyoo hutoboa utumbo, hupenya msuli unaotenga tumbo na kifua, akafanya makao mapafuni, ambako anaweza kuishi miaka mingi. Siki, chumvi na pombe si kinga ya kutegemewa. Kinachomuua ni moto, yaani nyama iive hadi ndani kwa nyuzi 63 za Selsiasi au zaidi. Kisu na ubao uliokatia kaa mbichi navyo vioshwe kabla ya kugusa kachumbari.

Tiba yake ni prazikwanteli, dawa ile ile tuliyoizoea Pwani kwa kichocho, ambayo kwa kawaida humezwa mara 3 kwa siku kwa siku 2 au 3. Nakusihi usijinunulie dukani, kwa sababu mnyoo huyu wakati mwingine hufika kwenye ubongo na hapo matibabu huhitaji uangalizi wa karibu. Vilevile usiache dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wako mwenyewe. Rudi kwa daktari, omba makohozi yapimwe magonjwa yote mawili, na umtajie kila nchi uliyofika na kila chakula kibichi ulichokula huko, hata kama ni miaka kadhaa iliyopita.