Barafu ya Mille Lacs itanibeba kweli?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Brooklyn Park hapa Minnesota, nimekulia Mwanza, kuvua nakujua ila kwa mtumbwi. Wenzangu kazini wamenialika wikiendi twende Ziwa Mille Lacs kuvua juu ya barafu, wanasema hadi magari yanapita. Nitajuaje inabeba, na tukifika tunavuaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la magari ndo nianze nalo manake ndo linaponza watu. Ukikuta pikapu ya mtu imepaki katikati ya ziwa usijipe moyo, yeye kapita njia yake, sogea hatua mia mbili tu unakuta barafu nyingine kabisa. Haigandi sawasawa. Mille Lacs ni kubwa, inapita kilomita za mraba 500, upepo ukivuma unaisukuma barafu inapasuka nyufa ndefu ambazo asubuhi zimefunga na jioni zimeachia maji, halafu theluji ikilala juu ni kama blanketi, baridi haipenyi vizuri na barafu ya chini inachelewa kunenepa. Kule kusini magharibi Mto Rum unapotokea maji yanatembea muda wote, pale usikanyage.

Vipimo ninavyofuata ni vya Idara ya Maliasili ya Minnesota: mtu kwa miguu angalau inchi 4, gari dogo inchi 9 hadi 10, pikapu kama 13. Hiyo ni barafu mpya, ngumu, inayoonekana kama kioo. Ile nyeupe ya theluji iliyoloa ikaganda ina nguvu nusu tu, kwahiyo zidisha mara mbili. Na hata hao idara wenyewe wanasema hakuna barafu ya kuaminika asilimia mia.

Sasa upime mwenyewe. Tangulia na mtaimbo, gonga mbele yako kabla ya kukanyaga, ukipenya kwa pigo moja au mawili geuka urudi kwa nyayo zako zilezile. Kila mita 45 hivi toboa tundu kwa keekee, ingiza rula yenye ncha iliyopinda ikamate chini ya barafu, soma. Usichoke kutoboa, tafadhali, tundu la kwanza halikwambii chochote kuhusu la kumi. Utasikia barafu inanguruma kama radi mbali, hiyo inatanuka na kusinyaa tu kwa baridi, ila ukiona maji yanapanda juu au ufa unafunguka, ondokeni.

Vaa laifu jaketi, na shingoni ning'iniza ile misumari miwili yenye vishikio, inauzwa maduka ya chambo. Ukizama, dakika ya kwanza pumzi inakukimbia, usipigane nayo, tulia kwanza uipate. Una kama dakika 10 mikono ikiwa bado inakusikiliza, kwahiyo geukia ulikotoka manake kule barafu ilikubeba, chomeka misumari, piga miguu kama unaogelea, ukitoka USISIMAME, biringika mpaka mbali.

Mkikaa kwenye kile kibanda cha kuvulia kinachowekwa juu ya barafu, acheni tundu la hewa na muwe na king'ora cha kaboni monoksaidi. Hita ya gesi ni kama jiko la mkaa chumbani, na madhara yake kwetu unayajua.

Samaki mnayemfuata ni woleye. Jicho lake lina ngozi ya ndani inayorudisha mwanga kama la paka, anaona vizuri gizani, ndo maana anakula alfajiri na jua linapozama, na Januari huku jua linazama kama saa kumi na moja jioni. Mchana utakaa tu. Shusha ndoana yenye risasi mpaka iguse chini, ipandishe kama futi moja, manake majira haya maji yenye afadhali ya joto, kama nyuzi 4, yako chini. Chomeka kisamaki kidogo, inua taratibu, acha ishuke, tulia. Hang'ang'anii kama sangara, utasikia uzito tu kwenye mshipi, hapo vuta. Mshipi wa pili unaruhusiwa kwenye barafu, uache na kisamaki hai kinachocheza chenyewe.

Leseni kata kabla hamjaondoka, na angalieni sheria ya woleye ya msimu huu kwa Mille Lacs yenyewe, idadi na urefu wa kubeba unabadilika. Halafu mwachie mtu nyumbani ujumbe mnaingilia upande gani wa ziwa na mnarudi saa ngapi.