Daktari wa Safu Anajibu: ini, dawa za TB na vidonge vya zinki

SWALI: Nina miaka 34, kilo 58. Niko wiki ya tano ya dawa za TB, vidonge vinne kwa siku. Kipimo cha ini kimeonyesha ALT (kimeng'enya cha ini) 96, na karatasi inasema mwisho ni 40. Sijisikii vibaya. Rafiki anasema nimeze zinki na seleniamu, na nikimbie kila asubuhi ili ini lisafike. Ni kweli? – Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Usiache dawa. ALT yako haijafika mara tatu ya kiwango cha juu. Kwa kawaida dawa husimamishwa ikifika mara tatu na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata bila dalili. Rudi kliniki kipimo kirudiwe baada ya wiki moja hivi. Ukitapika, ukiumwa chini ya mbavu za kulia au macho yakiwa ya manjano, nenda siku hiyo hiyo. Rangi ya mkojo isikutishe peke yake: rifampisini huufanya uwe wa rangi ya chungwa tangu mwanzo. Tazama macho.

Sifa nyingi za madini na mazoezi kwa ini lililoumizwa na dawa zinatoka kwa panya wa maabara. Panya si mgonjwa wa TB. Mwanaume anahitaji zinki miligramu 11 kwa siku, na dagaa, maharage na nyama vinasaidia kuzifikia. Vile vidonge vya watoto wanaoharisha vina miligramu 20 kila kimoja; viwili tu vinakufikisha kwenye kikomo cha 40. Ukizidisha kwa wiki nyingi, zinki huzuia mwili kupata shaba, na damu hupungua. Seleniamu ikizidi mikrogramu 400 kwa siku, kwa muda, nywele hunyonyoka na kucha huharibika. Madini ya chuma usimeze bila kuandikiwa.

Kutembea nusu saa siku tano kwa wiki kunafaa, mradi huna homa wala uchovu mkali. Kukimbia kupanda Kibosho au kunyanyua vyuma ni jambo jingine: misuli iliyochoka humwaga AST (kimeng'enya kingine kinachopimwa pamoja na ALT), na ALT pia, kwenye damu, na namba zinaweza kubaki juu hata wiki nzima. Hapo mtu anaweza kusimamishiwa dawa ambazo hazina kosa. Pumzika mazoezi mazito siku saba kabla ya kipimo, na kama ulishafanya, mwambie mhudumu. Kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, kitaonyesha kama ni misuli.

Ini linasaidiwa zaidi na unachokiacha: mbege na pombe yoyote, dawa za mitishamba, na parasetamoli ya kujimezea ovyo. Ikibidi, usipite vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, ukihesabu na ile iliyomo kwenye dawa za mafua.

SWALI: Natumia DTG (dolutegravir, dawa ya VVU) asubuhi na jioni pamoja na dawa za TB. Nimeandikiwa zinki. Ninywe saa ngapi? – Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Zinki hung'ang'ania DTG tumboni isiingie kwenye damu. DTG imezwe saa mbili kabla ya zinki, au saa sita baada yake. Ukimeza DTG saa moja asubuhi na saa moja usiku, zinki inywe kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi zifuate saa hizo hizo.