Uliza Ujibiwe: Bingwa wa Dunia Asiye na Pasipoti

SWALI: Mhariri, nasikia kwenye mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa mitindo, wachezaji wawili wanaweza kuiletea nchi ubingwa wa dunia ilhali mmoja wao si raia wake. Mbona Olimpiki anazuiwa?

JIBU: Umesikia sawa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo huridhika mmoja kati ya wawili akiwa raia. Olimpiki haina huruma hiyo: wote wawe raia, na aliyewahi kuichezea nchi nyingine asubiri miaka 3, isipokuwa wahusika wakikubaliana kuipunguza.

Kisa ninachokipenda ni cha Bruno Massot, Mfaransa aliyeungana na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akiiwakilisha Ujerumani. Kumrusha mwenzake hewani hakukumpa taabu. Kilichomtoa jasho ni mtihani wa Kijerumani, aliofeli zaidi ya mara moja. (Namwelewa, sarufi ile hata mimi ilinishinda.) Uraia akaupata mwishoni mwa 2017, na Februari 2018, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, wakatwaa dhahabu.

Tanith Belbin, mzaliwa wa Kanada, alibebwa na Bunge la Marekani: sheria ya kumharakishia uraia ilipita, akaapishwa kuwa raia siku ya mwisho ya 2005. Wiki chache baadaye, Torino, yeye na Ben Agosto wakavaa medali ya fedha.

Aliyelipa ghali ni Yuko Kavaguti. Japani haitaki uraia pacha, kwa hiyo aliuacha wake ili aichezee Urusi. Vancouver 2010, yeye na mwenzake wakamaliza wa 4.