Pikapu ya pedali stili: namba ya kilo-omu haitoshi

Swali: Naishi Texas na ninapiga pedali stili (gita la umeme la kulaza, lenye pedali za kubadilisha sauti za nyuzi) ya nyuzi kumi, iliyotyuniwa kwa mpangilio uitwao E9, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Pikapu yake, yaani kifaa cha sumaku na waya kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ni ya koili moja. Taa za kanisani zikiwashwa inavuma, na uzi wa tatu unachoma masikio. Muuzaji mmoja ananishauri nifunge ya kilo-omu 20, mwingine ya 17. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, namba hizo zinaeleza ukinzani wa waya wa shaba uliozungushwa, hazielezi sauti. Waya mwembamba wenye mizunguko michache unaweza kusoma sawa na waya mnene wenye mizunguko mingi, ilhali sauti zake ni tofauti kabisa. Hata joto hubadilisha kipimo: pikapu inayosoma kilo-omu 18 kwenye digrii 20 za Selsiasi itasoma karibu 18.7 kwenye digrii 30. Usinunue kwa namba hiyo peke yake.

Anza na mvumo. Taa zikiwa zimewaka, geuza gita taratibu mpaka robo ya mzunguko. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuza, koili inanasa sumaku ya umeme wa Herzi 60 uliomo jengoni, na hapo pikapu ya koili mbili, ambazo hufutiana mvumo, itakufaa. Ukikoma pale tu unapogusa nyuzi au chuma cha gita, kagua kwanza waya wa ethi, kwa sababu pikapu mpya haitaondoa kasoro hiyo.

Uzi wa tatu unahitaji uangalifu zaidi. Katika E9 uzi huo, wenye noti ya G#, ndio wenye sauti ya juu kuliko nyuzi zote, na kwa kawaida unene wake ni inchi 0.011 tu, lakini haukai pembeni. Kwa hiyo kuinamisha pikapu upande wa nyuzi nyembamba hakutoshi, kwani kutapunguza pia uzi wa kwanza na wa pili ambazo hazina kosa. Shusha pikapu nzima kwa nusu mzunguko wa skrubu kila mara, ukisikiliza, kabla ya kutoa hata senti moja. Ukifikia kununua, pikapu yenye skrubu ya kila uzi itakuwezesha kushusha ile ya tatu peke yake.

Kagua pia pedali ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti kwa mguu. Nyingi zina potenshiomita (kidhibiti cha ukinzani) ya kilo-omu 500, ambayo hula sauti za juu, na ikichakaa hukwaruza. Nimewahi kumfungia mteja pikapu ya bei kubwa, kisha tukagundua kwamba tatizo lote lilikuwa ndani ya pedali; tangu siku hiyo huanza kwa kuchomeka gita moja kwa moja kwenye amplifaya.

Ikiwa baada ya hayo bado unahitaji pikapu mpya, kwa kanisa lenye taa hizo ningechagua ya koili mbili yenye waya nne za kutokea. Koili mbili za kilo-omu 9 kila moja, zikiungwa mfululizo, husoma 18 na kutoa sauti nene yenye nguvu. Zikiungwa sambamba husoma 4.5 na sauti huwa nyepesi na angavu zaidi, huku mvumo ukiendelea kufutika. Kwa hiyo unapata sauti mbili kwa bei ya pikapu moja.

Kabla ya kuagiza, pima kwa rula, mahali pikapu ilipo, umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa kumi, kisha urefu, upana na kina cha tundu mpaka kwenye vyuma vya pedali vilivyo chini. Skrubu zisipokaa sawasawa chini ya nyuzi, baadhi ya nyuzi zitasikika dhaifu. Piga picha ya waya za zamani kabla ya kuzilehemua, na usiikaze pikapu mpya moja kwa moja mpaka uijaribu palepale kanisani, taa zote zikiwa zimewaka.