Kura yangu naipa Uranus, sayari iliyolala ubavu

Mmeuliza wiki hii: katika sayari zote zinazolizunguka Jua, ipi ina vituko kuliko nyingine? Najua wengi watataja Zohali kwa ajili ya zile pete zake. Uranus nayo ina pete, 13 zinazojulikana, ila ni nyembamba na nyeusi kiasi kwamba ziligunduliwa mwaka 1977 tu, sayari ilipopita mbele ya nyota na mwanga wa nyota ile ukakatika-katika. Lakini si kwa pete ninapoipigia kura. Ni kwa ulalo wake.

Dunia huzunguka kama pia iliyoinama kidogo, nyuzi 23 na nusu. Uranus imeinama nyuzi 98, yaani pia yenyewe imeanguka. Ukitaka kuona maana yake, weka taa katikati ya meza, toboa mpira laini na kijiti, kisha uzungushe mpira kuizunguka taa huku kijiti kimelala na ncha yake ikielekea ukuta uleule muda wote. Upande mmoja wa meza, ncha moja ya kijiti itaitazama taa. Ukifika upande wa pili, ncha ile iko gizani na mwenzake ndiye anayemulikwa. Hapo katikati, taa inapiga tumboni.

Mzunguko huo mmoja huichukua Uranus miaka 84. Mtu angezaliwa kwenye ncha Jua likichomoza, angelitazama likizunguka upeo wa macho kila baada ya saa 17 na ushee, likipanda kidogo kidogo kwa miaka 21 hadi karibu na utosi, kisha likishuka vivyo hivyo. Machweo yake ya kwanza angeyaona ana miaka 42. Baada ya hapo, usiku wa miaka 42 mingine. Sasa huyo ukimwambia "tuonane kesho" atakuelewaje?

Nani aliiangusha? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba zamani sana iligongwa na gimba kubwa, pengine kubwa kuliko Dunia.

Jina la "jitu la barafu" ambalo Uranus hupewa lisiwadanganye, maana hakuna pa kuteleza. Chini ya mawingu kuna maji, amonia na methani vilivyobanwa vikawa ujiuji mzito wenye joto la maelfu ya nyuzi. Juu, hewa imeshawahi kupimwa ikiwa na baridi ya nyuzi 224 chini ya sifuri. Neptuni iko mbali zaidi na Jua, lakini hutoa joto la ndani kwa wingi, wakati Uranus hutoa kidogo mno, kama jiko lililofunikwa. Na yale mawingu yana salfidi ya haidrojeni, gesi inayonuka kama yai viza. Rangi nzuri ya samawati, harufu ndiyo hiyo.

Dira nayo ingekupoteza. Mhimili wa sumaku umepishana na mhimili wa mzunguko kwa nyuzi 59, na wala haupiti katikati ya sayari.

Chombo kilichowahi kufika huko ni kimoja tu, Voyager 2, tarehe 24 Januari 1986. Kilipita mara moja na kuendelea na safari. Wakati huo ncha ya kusini ndiyo iliyokuwa ikilitazama Jua, na kwa kuwa miezi ya Uranus huizunguka ikiwa imelala vilevile, nayo ilimulikwa upande wa kusini tu. Miranda, mwezi mdogo wenye kipenyo kisichofika kilomita 500, ulionekana na magenge marefu ajabu na viraka kana kwamba ulivunjika ukaungwa upya. Hiyo ni nusu yake ya kusini. Ya kaskazini ilikuwa gizani, na hakuna kamera iliyorudi kuipiga picha.