Fundi, mafuta ya chipsi yanaweza kuendesha dizeli?

Toleo lililopita niligusia kwamba jenereta ya gereji yetu hapa Katwe hunywa biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea. Tangu siku hiyo simu haijapoa. Nimechagua maswali machache.

Habari Fundi. Nina kinu cha kusaga mahindi, kile cha injini ya dizeli ya zamani, Lister. Nikimimina mafuta ya alizeti moja kwa moja, itawaka? – Mzee wa kinu, Arua

Itawaka, mzee wangu. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wengi waliokuwa wanatazama hawakujua. Shida utaiona baadaye. Mafuta ya alizeti ni mazito kuliko dizeli mara kumi hivi, kwa hiyo nozeli, ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya injini, haiyapulizi kama ukungu, inayatema matone, na matone hayaungui yote. Juzi nilifungua nozeli ya trekta la mteja aliyejaribu hivyo. Ncha ilikuwa imeota ukoko mweusi, mgumu kama ule wa chini ya sufuria ya posho (ugali), nikaukwangua kwa waya wa shaba. Ringi za pistoni nazo zilikuwa zimenata, na oili ilitoka kama uji.

Biodizeli ni mafuta hayohayo ya mimea yakiwa yametolewa gliserini, ndipo yanakuwa mepesi karibu sawa na dizeli. Hiyo, kinu chako kitaipokea bila manung'uniko.

Nauza chipsi. Kila wiki nabaki na jerikeni ya mafuta meusi na huwa nayamwaga. Nitayageuzaje? – Mama Chipsi, Jinja

Dada, usiyamwage tena! Wewe ndiye mwenye mali katika biashara hii. Mafuta mapya ya kupikia ni ghali kuliko dizeli yenyewe, kwa hiyo anayeanza nayo anaanza na hasara.

Yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe hadi maji yote yatoke. Ukisikia bado yanatatarika, yana maji, na maji yatakuletea sabuni. Yaache yapoe hadi nyuzi 55 hivi. Kwa kila lita ya mafuta pima mililita 200 za methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, uyeyushe humo kostiki soda. Mafuta mapya hutaka gramu 3.5 kwa lita. Yaliyokaangiwa hutaka zaidi kwa kuwa yana asidi, na kiasi hicho hupimwa kila mara, hakikisiwi. Changanya vyote kwa muda wa saa moja katika chombo kilichofunikwa, uache usiku kucha. Asubuhi utakuta gliserini ya kahawia imetuama chini na biodizeli ya rangi ya asali imeelea juu. Mwaga ya chini, ioshe ya juu kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, kisha uikaushe.

Sasa nisikilize vizuri. Methanoli ndiyo iliyokuwa kwenye waragi, pombe yetu kali, iliyoua watu wengi upande wa Kabale mwaka 2010. Hupofusha, hupenya ngozini, na moto wake mchana hauonekani. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi, kwa hiyo usiiweke karibu na sigiri wala jikoni wanakocheza watoto. Kwa maoni yangu, wewe uza mafuta yako machafu kwa mtengenezaji mwenye vifaa, hela yako utaipata bila kuhatarisha macho.

Nilijaza biodizeli Kampala, nikalala Kabale. Asubuhi Fuso ikagoma kabisa. Nimeuziwa takataka? – Dereva

Huenda hukuibiwa. Ikiwa ilitengenezwa kwa mawese, huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi, na usiku wa Kabale hushuka hadi 10. Nta ndogondogo huziba filta. Jua likipanda inayeyuka na gari linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Kwa safari za Kigezi, yaani upande huo wa Kabale, changanya asilimia 20 ya biodizeli na 80 ya dizeli, au chini ya hapo.

Kingine: biodizeli huosha tangi. Uchafu wa miaka kumi utang'oka na kukimbilia filta, kwa hiyo beba filta ya akiba. Kagua pia mipira ya zamani ya kupitishia mafuta, maana biodizeli huilainisha hadi ikavuja.

Gari langu ni jipya, la komonreli (dizeli ya kisasa ya shinikizo kubwa). Je?

Hapana. Labda asilimia 5, na usome kwanza kitabu cha gari. Pampu yake moja ni bei ya shamba.

Nikitengeneza nyingi, naweza kuuza barabarani?

Hapa Uganda tuna sheria ya nishati za mimea ya mwaka 2020, na inataka leseni. Anza na wizara ya nishati kabla hujanunua mapipa.

Shambani kwangu Mukono vanila imepanda juu ya miti ya kiroowa. Mbegu zake si ndizo zile za dizeli? – Mkulima

Ndizo, mbono kaburi. Miaka ya 2000 watu waliahidiwa utajiri wa mti huu katika ardhi yoyote, hata kavu. Mti unaishi kweli pakavu, ila mbegu unazozaa huko ni chache mno kulipa kibarua wa kuzichuma. Wewe vanila ndiyo pesa yako. Mbegu za kiroowa chuma zikiwa nyingi, kamua, tengeneza kidogo kwa ajili ya pampu yako ya maji. Mashudu yake yazike shambani kama mbolea. Usimpe mbuzi, yana sumu.